Siku Niliyogeuza Dishi la Jirani

Sebuleni kwa jirani yetu siku ile tulikuwa watu sita. Nitawataja wote, si kwa majina, maana bado tunakutana gulioni na kanisani, bali kwa namna kila mmoja anavyojulikana. Alikuwepo mzee mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye dishi. Huyu alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa Bukiriro, akapata mke, shamba, uraia na meno ya bandia hapa hapa. Alikuwepo mkewe, ambaye kijiji kizima tunamwita Bibi, ameketi kwenye mkeka akichambua maharage, na nadhani hakuna punje mbovu iliyomponyoka tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwepo mjomba wetu, kaka yake marehemu mama, aliyekuja na basi kutoka Biharamulo akiwa amevaa koti la suti juu ya fulana. Alikuwepo mdogo wangu anayenifuata, dereva wa bodaboda, na helmeti yake mapajani kama mtoto. Alikuwepo mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, filimbi shingoni ingawa ilikuwa Jumamosi. Na nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba yetu, mikono bado ina udongo wa palizi.

Aliyekosekana ni mmoja, mdogo wetu wa mwisho, na ndiye tuliyekuja kumtazama.

Yeye alikuwa ng'ambo, Burundi, amevaa jezi ya Tanzania. Kulikuwa na mashindano ya mbio za nyika kwa wasichana wa nchi jirani, naye alikuwa amechaguliwa. Watu huniambia mtoto yule ana kipaji. Mimi huwa nanyamaza, lakini najua ni maji. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili, Rulenge. Nilirudi nyumbani na sanduku langu la bati na sikurudi tena shule. Nikaweka sheria moja: hakuna mtu kwenda shuleni kabla ya madumu mawili ya maji kufika jikoni. Mtoto yule alikuwa mvivu wa kuamka, kwa hiyo akawa mwepesi wa kukimbia. Alikimbia kwenda mtoni, alikimbia kurudi, akakimbia na kuiwahi kengele. Mkono wa kulia ulishika dumu la kichwani, wa kushoto aliutoa nje kujisawazisha, na mpaka leo anakimbia hivyo, kiwiko cha kushoto kimetoka kama mpini wa sufuria. Mwalimu alijaribu miaka miwili kukirudisha kiwiko kile ndani, akashindwa.

Sasa nieleze aibu yangu. Mimi ndiye niliyemlea, nikamshonea kaptula ya kwanza ya mbio kutoka kwenye gauni la mama, lakini sikuwa nimewahi kumwona akikimbia mashindano hata mara moja. Mashindano ya shule yaliangukia siku za gulio. Ya kata yaliangukia palizi. Ya wilaya yalifanyika siku ambayo ndama wetu alizaliwa akitanguliza miguu ya nyuma. Mimi nilikuwa mtu wa kumsindikiza asubuhi na kumpokea jioni. Alirudi na zawadi nami nikazipangia mahali: ndoo mbili, sufuria kubwa, na blanketi ninalojifunika hadi sasa. Nyumba nzima ilijaa ushindi wake, na mimi sikujua hata anavyopumua akikimbia.

Kabla hajaondoka safari hii aliniambia, "Dada, mara hii wanaonyesha kwenye televisheni. Huna kisingizio."

"Nitakutazama," nikasema.

"Siyo kutazama televisheni. Kuniona mimi."

"Nitakuona wewe."

Nikaahidi hivyo, na mtu anayenijua anajua sipendi kuahidi.

Chaneli yetu ya nyumbani siku ile ilikuwa na mpira wa miguu. Chaneli iliyokuwa na mbio ilikuwa ya ng'ambo, na kijijini petu dishi lililoishika lilikuwa moja, la mzee. Mwanawe, ambaye ni fundi, alilifunga nyuma ya jiko kabla ya kuhamia Mwanza, nguzo ya chuma ndani ya pipa la zege, na akamwachia baba yake maneno haya: "Baba, hili lisiguswe hata na kuku." Mzee akalizungushia uzio wa miiba kama wa ndama. Kila Jumamosi alasiri yeye na Bibi hutazama kwaya za kule, na baada ya kwaya hutangazwa habari za vilima ambavyo mzee hakumbuki kuviona, lakini anavijua vyote kwa majina.

Kosa la kwanza lilikuwa la mdogo wangu wa bodaboda. Sisi wa mpakani tunaishi na saa mbili. Ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ukiipandisha kilimani hudaka mtandao wa kule na kubadili saa bila kukuuliza. Mtoto alituma ujumbe: naanza saa tano. Alikuwa kule, kwa hiyo ilikuwa saa tano ya kule, yaani saa sita yetu. Lakini mdogo wangu, ambaye hujisifu kwamba saa haziwezi kumdanganya, aliongoza hesabu kwa kujiamini, akapunguza mahali pa kuongeza, akatangaza kijijini kwamba mbio ni saa nne. Tulifika saa nne kasoro, tumeoga, na mbio zilikuwa bado saa mbili nzima.

"Shikamoo Mzee," nikasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Ingieni. Mbona mapema?"

"Si mapema, Mzee," mdogo wangu akajibu. "Ni saa yao."

"Saa yao ndiyo ninayoitumia humu ndani," mzee akasema, akionyesha saa ya ukutani. "Na saa yao inasema saa tatu."

Hakuna aliyetaka kurudi nyumbani na kuja tena, tukaketi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwa muda wa saa mbili ile chaneli haikuwa na kingine cha kuonyesha ila msichana mmoja.

Alikuwa mkimbiaji wao, anayetegemewa. Walituonyesha kijiji chake. Walituonyesha njia anayopita na jiwe analoruka. Walimwonyesha mama yake akikoroga uji, wakamwuliza anatia nini katika uji ule, akasema ni mtama, wakamwuliza tena kama vile hawakuamini. Walionyesha mbuzi wake. Mtangazaji alizungumza Kirundi, na sisi Wahangaza tunakisikia karibu chote, ni kama kumsikiliza binamu. Mjomba, ambaye ni Msubi wa Biharamulo, alikuwa akidaka neno moja na kuangusha mawili.

"Kasema nini?" akauliza.

"Kasema mama yake anaumwa magoti," akasema mzee.

"Ametutukana?"

"Magoti ya mama yake, shemeji. Anakutukanaje kwa magoti ya mama yake?"

Bibi aliacha kuchambua. "Maskini," akasema. "Na bado anapanda mlima ule. Mtoto huyu ashinde tu, amtibu mama."

Chumba kizima kikamgeukia. Mwalimu akakohoa. Bibi akarudi kwenye maharage yake, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mimi kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kumpenda yule mbuzi.

Saa sita yetu ikafika. Wasichana wakajipanga, arobaini hivi, jezi za kila rangi. Kamera ikapita mstari mzima kwa kasi ya mtu anayeruka matope, ikafika kwa msichana wao, ikatulia. Ikamwonyesha akifunga kamba za viatu. Ikamwonyesha akifungua, akifunga tena.

"Wetu yuko wapi?" nikauliza.

"Pale!" mwalimu akaruka. "Ule mkono!"

Pembeni kabisa mwa kioo, upande wa kushoto, kulikuwa na kipande cha mkono chenye ukingo wa bluu. Kabla sijakisogelea, bastola ililia na wote wakaondoka.

Njia ilikuwa mizunguko mitatu. Kamera ilikuwa juu ya pikipiki, na mdogo wangu wa bodaboda alimdharau dereva yule tangu kona ya kwanza. "Anapanda kama amebeba mayai," akasema. Lakini kilichotusumbua si dereva. Kilichotusumbua ni kwamba pikipiki ilikuwa imefungwa kwa yule msichana kama mbuzi kwa kigingi. Alikuwa wa sita, tukaona wa sita. Mbele yake kulikuwa na watu watano ambao sisi tuliwajua kwa migongo, na nyuma yake kulikuwa na wengine wote ambao hatukuwajua kabisa. Mtangazaji alisema mguu wa mtoto yule umelishwa mtama wa mlimani. Alisema anajizuia kwa akili. Akipitwa, alisema amemruhusu aliyempita.

"Amemruhusu!" mjomba akacheka kwa uchungu baada ya kutafsiriwa. "Mimi pia nimeruhusu wengi maisha yangu yote."

Katikati ya mzunguko wa kwanza nikakiona kiwiko. Kilitokea ukingoni mwa kioo, nyuma kidogo ya bega la yule msichana. Kikaingia, kikatoka, kikaingia tena. Kisha sikio. Kisha upande mzima wa mdogo wangu, jezi imelowa, mdomo umefungwa kama anavyoufunga akipanda kutoka mtoni. Nilisimama. Sikujua kama nimesimama mpaka Bibi aliponivuta sketi, maana nilikuwa namzuia asione.

"Ndiye huyo!" nikasema. "Ndiye!"

"Tumemwona, Dada, kaa."

Kwa dakika mbili au tatu walikimbia sambamba, na sebule ile ilikuwa na amani. Mtangazaji alikuwa na mtoto wake, nami nilikuwa na wangu, wote ndani ya kioo kimoja. Mzee alipiga makofi. Mwalimu akamtazama.

"Mzee, makofi hayo ni ya nani?"

"Ya mbio."

"Mbio zina nchi, Mzee. Wewe uko upande gani?"

"Mimi ni raia. Nina kitambulisho."

"Kitambulisho kiko kabatini," akasema mdogo wangu wa bodaboda. "Kinachopiga makofi ni mikono."

"Basi mimi niko upande wa dishi," akasema mzee. "Kama kuna mtu hapendi linachoonyesha, anajua mlango ulipo." Alisema akicheka, lakini mkono mmoja aliukalia.

Mzunguko wa pili, mdogo wangu akaongeza mwendo. Nilimwona akivuta pumzi, bega likashuka, akampita yule msichana. Tukapiga kelele hadi kuku wakakimbia uani. Na palepale, alipompita, akatoka kwenye kioo.

Tukasubiri. Kamera ilibaki kwa mtoto wao. Mbele ya msichana wao kulikuwa na barabara tupu, vumbi, na kivuli cha mtu ambaye angeweza kuwa yeyote.

Sikuwa nimeijua hesabu ile hadi hapo. Mdogo wangu akiwa nyuma sana, haonekani. Akiwa mbele, haonekani. Anaonekana tu akiwa sawa na yule mwingine, yaani akiwa hajashinda wala hajashindwa. Nikajikuta nasema kwa sauti, mbele ya mwalimu wake, "Punguza kidogo, mdogo wangu. Rudi nyuma kidogo nikuone."

Mwalimu aligeuka kama nimemmwagia maji. "Unasema nini wewe?"

"Dakika moja tu. Halafu aendelee."

"Miaka miwili namfundisha aongeze mwendo!"

"Na mimi miaka kumi na miwili sijamwona!"

Mdogo wangu wa bodaboda akasema labda ameanguka. Mwalimu akasema hawezi kuanguka. Mzee, ambaye amesikiliza redio tangu zile za betri sita, alitupa elimu yake: "Msikilizeni mtangazaji. Mtangazaji akinyamaza, ujue wake amepitwa na wengi. Sasa hivi hanyamazi, lakini ameanza kuzungumzia hali ya hewa."

Hapo mjomba akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Huu ni wizi," akasema. "Wanamficha mtoto wetu makusudi. Nawaambia, chaneli yetu imeshaacha mpira, saa hii inamwonyesha yeye peke yake, Tanzania nzima inamwona, isipokuwa ukoo wake. Dishi hili limetazama kwao. Ligeuzwe litazame kwetu."

"Dishi haligeuzwi," akasema mzee.

"Kidogo tu, shemeji. Hivi." Akaonyesha kwa kiganja, upana wa mkate.

Sasa mjue jambo hili. Wazazi walipofariki, mjomba huyu ndiye aliyependekeza tugawanywe: mmoja Biharamulo, mmoja Keza kwa shangazi, mmoja akaolewe. Nilimkatalia mbele ya ukoo mzima nikiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo kila alichonishauri nilikisikiliza kwa heshima na sikukifanya. Aliniambia niuze shamba la chini, sikuuza. Aliniambia nifuge bata, sikufuga. Miaka kumi na miwili sikuwahi kumtii mjomba, na wala sikuwahi kujuta. Siku hiyo, mzunguko wa tatu ulipoanza na kioo kikiwa kimejaa uso wa msichana wa watu, nilimtii.

Nilitoka. Nilimsikia mzee akiniita, nikajifanya sisikii. Nikaruka uzio wa miiba, sketi ikashikwa, nikaichana. Nikalikumbatia dishi kwa mikono miwili na kulisukuma.

Mdogo wangu wa bodaboda alisimama mlangoni akinipasha habari za ndani.

"Imekatika!"

"Nimesogeza kidogo tu!"

"Sogeza tena! Simama! Hapo, hapo! Kuna mtu anapika!"

"Anapika nini?"

Kutoka ndani nikamsikia Bibi akijibu kwamba ni samaki, lakini hajamtoa magamba.

"Achana na samaki, Dada, sukuma! Anahubiri mtu! Sukuma! Hakuna kitu… Hakuna kitu… Dada, simama! Mbio! Nimeziona mbio!"

Niliganda na dishi kifuani.

"Wako wangapi?" nikauliza. "Yuko wa ngapi?"

"Dada," akasema, "ni ngamia."

Nikajaribu kulirudisha. Lakini sikuwa nimeweka alama. Mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata, anayehesabu mashimo kabla ya kupanda, alilisukuma dishi la watu bila hata kuweka jiwe chini. Nilirudisha, nikapitiliza, nikarudisha tena. Hata ngamia wakapotea.

Mzee alitoka nje. Hakupaza sauti. Alisimama kwenye uzio wake, akalitazama dishi kama mtu anavyomtazama ng'ombe wake ndani ya mahindi ya jirani. Mjomba alikuwa nyuma yake, koti limefungwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na ushauri.

"Nisamehe, Mzee," nikasema.

"Hujavunja dishi," akasema polepole. "Dishi ni zima. Umevunja Jumamosi."

Matokeo yalikuja kwenye simu ya mwalimu, kutoka kwa kiongozi wa timu: wa pili. Maneno mawili tu. Tulikumbatiana palepale penye miiba. Wa pili katika nchi zote zile! Mwalimu alipuliza filimbi mpaka watoto wa jirani wakaja wakidhani kuna mkutano. Kisha mdogo wangu wa bodaboda akauliza wa kwanza ni nani, na tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Kesho yake yule wa bodaboda alipata kipande cha habari cha chaneli yetu kwenye simu yake. Tuliinama juu yake wote. Mdogo wetu alikuwa amesimama na maua mkononi, anasema anawashukuru walimu. Mtangazaji akasema binti wa Tanzania ametikisa, amezima kelele za wenyeji, amerudi na medali. Sekunde nane, labda tisa. Hakuwa anakimbia, alikuwa amesimama tu. Na hawakusema nani alikuwa wa kwanza.

Mjomba aliridhika kabisa. "Mnaona?" akasema. "Chaneli yetu ina heshima. Wa pili wa namna hii ni wa kwanza."

Bibi alikuja hadi kwetu jioni ile, na ungo wake kwapani. "Mwanangu," akaniuliza, "na yule mtoto wa mama wa magoti, amekuwa wa ngapi?"

"Sijui, Bibi. Hawakusema."

"Hawakusema hata kidogo?"

"Hawakusema."

"Watu wabaya," akasema Bibi. Siku nne aliishi bila kujua, na kila akiniona aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye nasoma habari.

Siku hizo nne nilikuwa na muda wa kufikiri, maana palizi haichukui akili yote. Nilikuwa nimekasirikia sana ile kamera. Lakini mwalimu aliniuliza kama niliona msichana aliyetumbukia kwenye mfereji mzunguko wa kwanza, akatoka, akaendelea na kiatu kimoja. Sikumwona. Aliniuliza kama niliona mapacha waliokuwa wakivutana jezi. Sikuwaona. Wasichana arobaini walikimbia mbele ya macho yangu, na ningeapishwa mahakamani ningeweza kushuhudia kiwiko kimoja. Yule mtangazaji angalau alikuwa na nchi nzima. Mimi nchi yangu ilikuwa na mtu mmoja.

Mtoto alirudi siku ya tano kwa bodaboda ya kaka yake, medali ndani ya soksi ili isiibiwe. Alikula sahani mbili za ndizi na maharage kabla ya kusema chochote. Mzee na Bibi walikuja, mwalimu akaja, na Bibi hakusubiri salamu ziishe.

"Wa tano, Bibi," mtoto akamjibu. "Alilia sana. Nilimpa maji yangu. Mama yake alikuwepo, na magoti yake nimeyaona, ni kweli."

Bibi akafuta macho. Mjomba, aliyekuwa bado hajapata sababu ya kurudi Biharamulo, akauliza wa kwanza.

"Msichana wa Uganda. Alituacha tangu mlima wa kwanza. Nilimwona mgongo tu."

Mshindi mwenyewe! Saa mbili za maandalizi, mizunguko miwili, na habari za chaneli yetu juu yake, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwona usoni. Mzee alisema labda kwao Uganda wamemwonyesha yeye tu, na wanajiuliza wengine walikwenda wapi.

Watu walipocheka, mtoto alinigeukia. Nilikuwa nalisubiri swali hilo tangu siku ya kwanza, na bado lilinikuta sijajiandaa.

"Dada, uliniona?"

"Nilikuona. Mzunguko wa kwanza. Na wa pili, kidogo."

"Hapana, mwisho! Mwisho uliniona?" Alikuwa ameshasimama. "Yule msichana wao alibaki nyuma sana mzunguko wa tatu, pikipiki ikamwacha. Ikaja kwangu! Mita mia tatu zote za mwisho ilikuwa na mimi tu, Dada, sina mtu mbele wala nyuma. Usiku walirudia kule hosteli tulikolala, nikajiona. Na yule mtangazaji wao, mnajua alisema nini? Alisema, huyu ni binti wa jirani, wa ng'ambo ya mto tu hapo, mpigieni makofi. Wakapiga, uwanja mzima! Nikakumbuka kamera, nikakupungia." Akainua mkono wa kushoto, ule ule wa kiwiko, akapunga. "Hivi. Nikasema 'Dada'. Mdomo unaonekana kabisa."

Mwalimu alitazama dari. Mjomba alianza kuvikagua vifungo vya koti kimoja kimoja. Mzee, ambaye alikuwa na haki yote ya kusema, alikunywa chai.

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa nje nageuza dishi."

"Unageuza dishi kwa nini?"

"Ili nikuone."

Kaka yake ndiye aliyemalizia habari, na za ngamia hakuziacha. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo mimi napunga, na wewe unaangalia ngamia!"

"Hata ngamia sikuwaona. Nilikuwa nje."

Alicheka tena, kisha kicheko kikaisha chenyewe, akajifuta macho kwa kanga yangu. "Basi bado hujaniona," akasema. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayehesabu ndoo.

Asubuhi kabla ya kuondoka kurudi kambini kwa timu alijitolea kunikimbilia. Alisema atashuka mtoni na kupanda, mimi nisimame mlangoni nitazame, mambo yaishe. Nilikataa. Nilimwambia deni ni langu, haiwezekani yeye ndiye ahangaike kulilipa. Nitapanda basi, nitasimama penye kamba, atakapokimbia popote pale, hata kama maharage yameanguka yenyewe shambani. Akasema, "Sawa, Dada," kwa sauti ya mtu aliyeshasikia habari za palizi maisha yake yote.

Tangu hapo amekimbia mara mbili. Mara ya kwanza mvua ilikata barabara. Mara ya pili nilifika hadi stendi, begi mkononi, nikaambiwa mbio zimesogezwa, zimeshakimbiwa jana, nikarudi nyumbani, kumbe zilikuwa zimesogezwa hadi kesho yake.

Na kuna deni la mzee. Fundi wa Rulenge alikuja, akalizungusha, akapata mahubiri, akaondoka. Mwanawe wa Mwanza anasema atakuja mwezi ujao, na amesema hivyo miezi yote. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana nakwenda kwa jirani, navuka uzio, nalisogeza dishi upana wa kidole kimoja, sasa naweka jiwe la alama kila hatua. Nimefikisha mawe kumi na tisa. Mzee hukaa ndani mbele ya kioo chenye chenga, mikono magotini, anasubiri kwaya yake. Bibi husimama mlangoni na ungo.

"Sasa, Bibi?" nauliza.

"Bado, mwanangu," anajibu. "Sogeza."